Koleo Limeachwa kwa Kagure

Mwaka ule kahawa ilipopanda bei, Kagure alinunulia kibanda chake cha chai redio mpya. Asubuhi moja ya soko hapa Chaka, redio ikatangaza kwamba mkimbiaji aliyetolewa korodani moja kwa sababu ya kansa amerudi uwanjani na kushinda mita elfu kumi.

"Na moja tu?" akauliza Khisa, polisi mstaafu tunayemwita Afande. "Mimi niko na zote mbili na sijawahi shika mwizi mwenye anakimbia."

"Amepunguza mzigo," nikasema.

Tulicheka sote isipokuwa Mutahi. Huyu tunamwita Koleo, maana ndiye huhasi fahali wa Kieni nzima. Sisi hushika miguu, yeye hubana na koleo lake, naye humwambia kila fahali maneno yale yale: haiumi, ni kama siafu. Tangu Pasaka amekuwa akikaa benchini kwa tako moja, na akiulizwa anasingizia baiskeli.

"Ati huyo kijana yuko na watoto?" akauliza, macho kwenye chai.

"Redio imesema bibi yake amezaa juzi," akajibu Kagure.

Afande akaweka kikombe chini. "Koleo, kwani umevimba?"

Mutahi akaitikia kwa kichwa. "Daktari ya Nyeri anasema itolewe moja. Nikakataa. Mimi nikatwe? Hizo ndume zote nimehasi zitanicheka."

"Na hizo mbili unataka kwenda nazo wapi?" Kagure akamuuliza. "Kaburini?"

"Naogopa, Kagure."

Hakuna aliyecheka. Nami niliogopa pia, kwa kuwa Kieni ina watu wengi lakini rafiki yangu ni huyu.

"Si uliambia ndume yangu haiumi?" akasema Kagure, sasa kwa upole.

"Nilisema. Lakini hiyo ndume yako haikunijibu."

Afande akavaa kofia yake. "Simama twende. Huyo kijana amekimbia na moja, wewe utashindwa kulala kitandani? Na usijali, kushika miguu tumezoea."

Mutahi akasimama. Tukaondoka watatu kwenda Nyeri, yeye katikati akitembea pole pole. Koleo lake alilikabidhi kwa Kagure alifungie kabatini, asije daktari akaliona akapata wazo.