Nimefika Kwenye Mnara, Lakini kwa Leso ya Mama

Walisema sitaweza. Walisema sitamaliza diploma, nikamaliza. Walisema nitarudi kutoka Ghuba na blanketi na marashi tu, nikarudi na mtaji, na leo duka la vifaa vya umeme pale mtaa wa Bulla Pesa, hapa Isiolo, ni langu (karibuni). Juzi Guyo, rafiki yangu tangu shule ya msingi, akaongeza lingine: "Kinoti, kwenye mnara hutafika. Ukipanda ngazi za duka lako tu unahema kama ngamia aliyebebeshwa maji."

Ndugu zangu, leo nimefika. Ila namna nilivyofika ndiyo aibu yenyewe, na naisema mimi kabla Guyo hajaisema.

Ule mnara mweupe juu ya kilima mnaujua. Tunauona kila tukianika nguo. Lakini kilima kiko ndani ya eneo la jeshi na raia haingii. Leo walifungulia watu, mwisho saa sita mchana, na hakuna anayejua watafungua tena lini. Marehemu baba alikuwa kibarua pale ulipojengwa. Alimwambia Mama kwamba kabla saruji haijakauka alibonyeza kiganja chake chini ya mnara, upande unaotazama nyumbani. Mama ameutazama mnara huo miaka yote bila kuugusa, na goti lake halirudi ujana. Ilikuwa ni leo au basi.

Nikajiandaa kisomi. Kofia, miwani, viatu vya milimani, na suruali yangu ya Doha: mifuko mpaka magotini, madoadoa ya kijani na kahawia. Nilijitazama kwenye kioo nikasema, huyu sasa ni mtu.

Mama akauliza, "Hiyo si nguo ya askari?"

"Mama, hii ni fasheni." (Diploma ndiyo iliyokuwa ikiongea.)

Getini mimi, Mama na Guyo tuliacha vitambulisho na simu, kwa sababu picha haziruhusiwi. Kisha afande mmoja, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, akanitazama kuanzia kiunoni kwenda chini.

"Wewe ni mwanajeshi?"

"Hapana, afande. Nina diploma."

"Ya jeshi?"

"Ya umeme."

"Na hii suruali?"

"Niliinunua Doha, afande. Dukani, kwa pesa yangu."

"Kwa hivyo wewe ni raia, umevaa nguo za jeshi, na umejileta mwenyewe kambini."

Alivyolipanga hivyo, hata mimi nilijishangaa! Kila mtoto wa Isiolo anajua nguo za madoadoa huachiwa wenyewe. Mimi Ghuba ilinisahaulisha.

Guyo alicheka mpaka akaegemea ukuta. Afande alimwangalia Mama, akalegea kidogo. "Sikufungi kwa sababu ya huyu mama. Lakini suruali inabaki hapa. Nenda nyumbani ubadilishe."

Kwenda na kurudi, geti lingekuwa limefungwa. Guyo akaacha kucheka. "Mama, twende. Mimi nitakushika mkono."

Mama akatikisa kichwa. "Asante, Guyo. Lakini aliyeacha mkono kule juu ni baba ya huyu. Nataka tufike naye."

Kisha akatoa leso yake ya mabegani. Ya waridi, ndugu zangu. Yenye maua. Nilivulia suruali nyuma ya kibanda, Mama akanifunga leso kwa fundo lilelile alilonifunga nilipotahiriwa. Afande akanikopesha pini. Maandishi ya leso yakanikalia makalioni: WASEME WASEME, MWISHO WATACHOKA.

Hawakuchoka. Guyo alitembea nyuma yangu akiyasoma kwa sauti kila kona. Mzee mmoja aliyekuwa akishuka alinitazama leso, akanitazama mwendo, akasema kwa huruma ya kweli, "Pole, kijana. Umechelewa kukatwa, lakini utapona."

"Alikuwa Ghuba, mzee," Guyo akajibu. "Hakupata nafasi."

Mama alicheka mpaka ikabidi tumkalishe kwenye jiwe. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike baba. Nikasema moyoni, haya, acha wacheke.

Karibu na kilele kuna mwamba wa kuparamia. Guyo alitangulia amvute Mama, mimi nikabaki chini nimsukume. Mkono mmoja kwa Mama, mwingine kwenye leso, maana upepo wa huko juu mnaujua.

Goti la Mama likakataa. Akayumba.

"Mikono miwili, wewe!" Guyo akapiga kelele.

Nikamshika Mama kwa mikono miwili. Pini ikashindwa na kitambi changu. Upepo ukachukua kilicho chake.

Leso iliruka kama bendera hadi kwa kundi la kina mama wa mtaa wetu (wateja wangu!) waliokuwa wakipumzika chini kidogo. Mimi nikabaki na chupi ya manjano yenye picha za ndizi. Wakristo wakasema "Yesu!" Waislamu wakasema "Astaghfirullah!" Wote wakafunika macho. (Si wote.)

Lakini Mama sikumwachia. Alipanda.

Hakugeuka hata kunitazama. Alizunguka mnara, akapiga magoti, akapapasa chini. Kiganja kilikuwepo, kimepakwa chokaa juu kwa juu. Akaweka mkono wake ndani.

"Kumbe alikuwa na mkono mdogo," akasema. "Mimi nilikuwa nakumbuka mkubwa."

Guyo alivua jaketi lake, akanifunga kiunoni bila neno. (Bila neno! Guyo!) Mama akaniita. "Njoo uweke wako."

Nikaweka. Ukazidi pande zote.

"Umekula kuliko yeye," Mama akasema akinipangusa vumbi shavuni. "Alitaka hivyo."

Sasa nimelipa kila aliyenikopesha. Leso nilirudishiwa na kina mama, wakigeuza nyuso. Nimeifua mwenyewe na iko kambani. Jaketi liko kwa Guyo. Pini nilimrudishia afande ikiwa imepinda, akanipigia saluti. Suruali sikuidai.

Mnaotaka ushahidi kwamba nilifika, picha hakuna. Muulizeni Mama. Guyo msimuulize.