Swichi Mpya na Kitambaa cha Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Februari

Swichi imefika! Sio ya taa. Ni lile boksi bapa la chuma lenye matundu mengi usoni, ambalo kompyuta zote za shule zitachomekwa ili ziongee. Mkuu wa shule, Mwalimu Leodegar, ametangaza mstarini kwamba Ijumaa kuna uzinduzi, na mgeni rasmi ni Mzee Augustine, mwenyekiti wa bodi. Halafu akasema neno lenyewe: atakayeonyesha uwezo katika kuifunga ndiye atakuwa Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA. Chumba chake mwenyewe! Kiyoyozi! Kwa joto hili la Gongo la Mboto!

Mie ni mtunza stoo. Nagawa chaki na mifagio. Ila kuna jambo ambalo hapa shuleni hawalijui. Mama Bernadeta wa Kigamboni, mama yake Gladness wangu, anaamini cheo hicho ninacho tangu mwaka jana. Nilimwambia kwa mdomo wangu siku ya kupeleka posa, nikiwa nimeshiba pilau. Posa mpaka leo haijajibiwa. Nikikosa cheo, na Gladness nimemkosa.

Nikanyoosha mkono. Bupe, mwalimu wetu wa kike wa kompyuta, naye akanyoosha. Nikanyoosha miwili. Mkuu akasema basi tufanye pamoja. Pamoja! Na mtu anayesoma maelekezo kabla hajafungua boksi!

Jumanne, 3 Februari

Bupe kasoma maelekezo asubuhi nzima, na kalamu mkononi. Kisha akanipa mhadhara. Eti raki, ile fremu ndefu ya chuma, ifungwe bolti sakafuni kwanza. Eti betri la akiba likae chini kabisa kwa sababu ni zito. Eti swichi inyanyuliwe na watu wawili, waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, uungwe kabla ya umeme, na pembeni paachwe wazi ili ipumue.

Ipumue! Nikamuuliza kama na chai inakunywa. Hakucheka. Watu wengine Mungu kawanyima kicheko kabisa.

Kesho anasimamia mitihani ya majaribio siku nzima. Akaniomba nisiguse kitu mpaka Alhamisi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Moyoni nilikuwa nacheza.

Jumatano, 4 Februari

Kazi imekwisha! Peke yangu!

Swichi nimeiweka juu kabisa, pale mgeni rasmi atakapoiona hata akiwa mlangoni. Kitu cha maana hakikai miguuni. Betri la akiba nalo nimelipandisha, liko chini yake tu. Mgongo umelia kaa! lakini limepanda. Chini kabisa nimepata nafasi nzuri ya maboksi yangu mawili ya chaki.

Bolti za sakafuni zilitaka drili. Drili ya nini? Raki ilikuwa inayumba kidogo, nikakunja karatasi ngumu nikaiweka chini ya mguu mmoja. Imetulia kama maji mtungini. Skrubu za swichi zilikuja nne. Nimefunga mbili, mbili nimezihifadhi stoo. Mtunza stoo ni mtunza stoo. Ukabaki waya mmoja wa kijani na njano, sikuuona una kazi gani. Rangi zake zinavutia, nimefungia bango la uzinduzi.

Nailoni iliyokuja imeifunika swichi sikuitoa. Nani mwenye akili zake anatoa nailoni kwenye kitu kipya? Makochi ya mjomba wangu Mwananyamala yana nailoni tangu harusi yake, na mpaka leo ukikaa yanakusalimia.

Alhamisi, 5 Februari

Bupe kaingia, kaangalia raki, kakaa chini. Kisha akaniuliza taratibu skrubu nyingine ziko wapi. Nikamwambia za kisasa zinataka mbili tu. Akasema raki itaanguka. Nikamwambia aongee mazuri. Akasema nailoni itolewe. Nikajibu kwamba Mzee Augustine ndiye ataitoa kwa mikono yake, kama heshima. Jibu safi! Lilinitoka lenyewe tu.

Alikuwa anakwenda kwa Mkuu kunishtaki, akakutana na Gladness mlangoni. Gladness wangu! Kabeba kifurushi kutoka kwa mama yake. Mama Bernadeta anafuma vitambaa. Redio yake ina kitambaa, friji ina kitambaa, hata king'amuzi kina cha kwake kidogo. Sasa kafuma kingine, cheupe chenye maua mekundu pembeni, kwa ajili ya mashine ya ofisini kwa mkwe wake. Mkwe! Kaniita mkwe! Na kesho anakuja mwenyewe kukiona kimevaliwa.

Kesho! Anakuja hapa. Kwenye ofisi yangu ambayo si yangu.

Nimeivisha swichi. Kitambaa kimefunika juu, mbele na pembeni kote. Jamani, imependeza kama bi harusi! Bupe kasema matundu ya hewa yote yamezibwa na itachemka. Nikamwambia kitambaa cha mama mkwe hakivuliwi, hata kwao Tukuyu nadhani wanalijua hilo. Akatoka kwenda kwa Mkuu. Mkuu alikuwa mjini kuchukua keki, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumshtakia.

Ijumaa, 6 Februari

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bandeji.

Umeme niliuwasha alfajiri ili mgeni akute taa zinawaka. Utepe nilifunga kutoka kitasa cha mlango mpaka kwenye raki, juu kabisa. Mama Bernadeta alikaa mstari wa mbele, kitenge kipya, anakitazama kitambaa chake anatabasamu. Nilimpa shikamoo nikiwa nimeinama mpaka tai ikagusa sakafu. Akamwambia jirani yake kwa sauti kwamba yule ndiye mkubwa wa mitambo yote hapa. Nikakohoa kwa nguvu ili Mkuu asisikie.

Mkasi ulitoka stoo kwangu, ule wa kukatia maboksi. Butu. Mzee Augustine akakata, utepe haukatiki. Akakata tena. Akacheka kidogo, akaushika utepe kwa mikono miwili, akavuta.

Raki ikamfuata.

Niliruka! Niliikumbatia kama ndugu aliyepotea. Ndipo nikajua swichi ina moto gani. Nailoni ilikuwa imeyeyuka, imeshikana na kitambaa, moshi mwembamba ukatoka kwenye maua mekundu. Kompyuta zote zikapoteza mtandao kwa mpigo. Wanafunzi wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho.

Nikapiga kelele waniondolee. Bupe hakukimbilia raki, alikwenda kuzima umeme kwanza. Mama Bernadeta akaufunga mtandio wake kiunoni, akashika upande mmoja, Bupe akashika mwingine, wakaisimamisha. Watu wawili. Kama vile maelekezo yalivyosema, lakini sitaki kulizungumzia hilo.

Mama akakibandua kitambaa. Katikati kilikuwa na tundu la kutosha kupitisha kichwa. Akamuuliza Mkuu wa shule imekuwaje mkuu wa kitengo hajui kazi yake. Mkuu akauliza mkuu wa kitengo gani, huyu ni Theonest wa stoo.

Niliomba ardhi ipasuke. Haikupasuka.

Mchana Bupe alianza upya. Bolti sakafuni, betri chini, swichi katikati, nailoni imetolewa. Mama Bernadeta ndiye aliyemsaidia kunyanyua, akiwa na kitenge chake kipya vilevile. Mie nilitumwa kuleta zile skrubu mbili na kufungua waya wa ethi kwenye bango. Jioni swichi ikawaka kijani, imepoa, inapumua. Ndiyo, inapumua.

Jumamosi, 7 Februari

Nimevuka na pantoni kwenda Kigamboni. Moyo ulikuwa unadunda, abiria wa jirani akaniuliza kama naogopa maji. Nilikuwa naogopa kumpoteza Gladness. Sijawahi kuogopa kitu hivyo.

Nilipiga magoti barazani. Nikasema yote, hata ya pilau. Mama Bernadeta akaendelea kufuma. Kisha akasema alijua tangu siku ile ile ya posa, Gladness alimwambia nikiwa bado nanawa mikono. Alikuwa anangoja tu kuona nitasema lini mwenyewe. Akasema stoo ni kazi kama kazi nyingine, na mwanawe anacheka akiwa nami, hilo limemtosha. Kitambaa atafuma kingine.

Posa imekubaliwa! Nililia. Gladness akalia. Mama akasema tusimlowanishie mkeka.

Sharti moja tu. Kitu nisichokijua, niseme sikijui. Nikaapa mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu. Niliapa kwa dhati kabisa.

Akaniuliza pia kama Bupe ana mchumba, maana mwanawe mkubwa, Elibariki, bado yuko peke yake. Nikamwambia sina hakika. Bupe awe wa ukoo mmoja nami? Ee Mungu, usinifanyie hivyo.

Jumatatu, 9 Februari

Bupe kahamia chumba cha kiyoyozi. Kanikaribisha chai, na akacheka kwa mara ya kwanza, nilipogonga mlango na kuuliza kama mheshimiwa swichi ameamkaje. Si mtu mbaya. Nimerudi stoo na maboksi yangu ya chaki, moyo mwepesi, mtu mpya.

Saa kumi Mama Bernadeta kapiga simu. Kanunua runinga kubwa, anataka itundikwe ukutani. Akauliza kama kazi hiyo naijua, au nije na Bupe Jumamosi.

Nikafungua mdomo kusema siijui. Mdomo ukasema kutundika runinga ndiyo kazi niliyokuwa naifanyaga Bukoba kabla ya stoo.

Nitakwenda Ijumaa, peke yangu, ili hata Bupe akiitwa Jumamosi akute imekwisha. Nitaiweka juu kabisa, karibu na dari, majirani waione kutoka barabarani. Skrubu mbili zinatosha. Na nailoni sitoi.