Droni Shingo Upande

Jumatatu, 6 Mei

Siku kubwa! Kuanzia leo mimi si mpigapicha wa pasipoti tena. Mimi ni mpigapicha wa anga. Jirani anayehama alikuwa na droni, mimi nilikuwa na kochi. Tumebadilishana. Sasa nakalia ndoo, lakini nakalia ndoo nikiwa na droni.

Mpango uko hivi. Jumamosi Fundi anamkabidhi Mama Mwenye Nyumba ile ghorofa mpya iliyo mbele ya banda langu la studio. Fundi ni baba wa mchumba wangu. Maisha yake yote amejenga kwa timazi ya kunyooshea kuta na pima maji ya kusawazishia sakafu, na msemo wake ni mmoja tu: jicho ni mwongo. Anataka wageni waione nyumba kutoka juu. Nani mwenye cha kwenda juu? Mimi! Nikamwambia, mzee, niachie mimi. Akasema picha zikiwa nzuri, nimtume mjomba wangu alete posa. Zikiwa mbaya, mjomba apumzike zake nyumbani.

Fokasi naye aliitaka kazi hiyo. Fokasi ni yule wa studio ya ng'ambo ya barabara. Hana droni. Ana ngazi. Nimecheka mpaka ndoo ikapinduka.

Jioni nikaiwasha. Kamera imeshikwa na kimkono cha chuma, kazi yake kuizuia isitetemeke wala kulala upande droni ikiwa hewani. Mimi nakiita shingo. Basi shingo ikatetemeka kama kuku aliyenyeshewa, ikalia, ikagoma. Kwenye simu likatokea onyo jekundu: mota imezidiwa. Ugonjwa nikautambua palepale. Ukavu! Nikaipaka mafuta ya kupikia. Matone machache. Kisha machache mengine.

Mchumba akapita kunisalimia. Akauliza hiki kiplastiki kinachong'aa kilichoibana kamera ni cha nini. Kumbe kifuniko cha safari. Hutolewa kabla ya kuwasha. Nikamwambia najua, nilikuwa nampima yeye. Akaitazama chupa ya mafuta, akaaga.

Jumanne, 7 Mei

Kifuniko kimetoka, shingo inazunguka. Sasa shida ni yale mafuta, yamefika kwenye kioo cha kamera. Dunia yote ina ukungu. Nimefuta kioo kwa shati, ukungu ukaondoka, nyuzi zikabaki. Nimefuta nyuzi kwa shati lingine.

Nikairusha. Picha inacheza kama maji ndani ya karai. Nimechungulia chini: shingo imening'inia kwenye vipira vidogo vya kuzuia mtikisiko, na kimoja hakipo. Yule jirani kaninyima kipira, kochi langu kalichukua zima! Nimekata kipande cha ndala yangu ya kushoto, nikakichonga, nikakichomeka. Kimekaa! Sasa natembea nachechemea kidogo, lakini picha imetulia.

Imetulia, ila imelala. Nguzo za umeme zote zimeinama kushoto. Nimesoma mtandaoni. Dawa ni rahisi: weka droni mahali palipo sawa kabisa, usiiguse, bonyeza kwenye simu, ijisawazishe yenyewe. Mahali palipo sawa? Meza yangu! Nikaiweka hapo.

Niandike kidogo juu ya banda hili, kwa faida ya vizazi. Nimelijenga mwenyewe, kwa siku moja, bila vikorokoro vya akina Fundi. Kwa jicho tu. Mchumba hulalamika kwamba kalamu hazitulii mezani na chai hujaa upande mmoja wa kikombe. Kalamu nimezitia kwenye mkebe. Chai nakunywa haraka. Kila tatizo lina dawa yake.

Simu ikaandika: imekamilika. Nikapiga mluzi.

Jumatano, 8 Mei

Nimerusha droni juu ya ghorofa. Fundi kasimama begani kwangu, amevaa kofia yake nzuri, anatazama kioo cha simu. Droni ikapanda kama malkia. Picha safi! Rangi safi! Paa, vibaraza, madirisha.

Fundi akauliza, kwa sauti ndogo sana, kwa nini nyumba yake imeinama.

Nikatazama. Imeinama. Ghorofa nzima imeegemea kulia, utadhani inasikiliza mlango wa jirani.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Niliiona ikija, niliiona ikipita. Fokasi alikuwa kasimama kwenye ngazi yake ng'ambo ya barabara, masikio yote kwetu. Ningesema mashine yangu ni mbovu mbele ya Fokasi? Nikasema, mzee, kamera haidanganyi. Jicho ndilo linalodanganya, wewe mwenyewe husema.

Fundi akaisogelea simu. Nami nikatafuta ushahidi, nikaupata. Nikamwonyesha banda langu kule nyuma. Kutoka chini hulioni, ukuta wa uani umelificha, huona bati la juu tu. Lakini kutoka angani lilikuwa limesimama wima kama askari. Nikamwambia, kama kamera ni mbovu, mbona banda halikuinama?

Fundi alivua kofia, akaenda kuchukua timazi.

Nimeshinda hoja. Sijui kwa nini chakula hakipiti.

Alhamisi, 9 Mei

Mambo yameharibika. Mchumba kaja macho mekundu. Baba yake hali chakula. Tangu jana anateremsha timazi kutoka kila pembe ya paa, anaweka pima maji kila dirisha, na kila kipimo kinamwambia nyumba imenyooka. Basi anatilia shaka vipimo. Kaazima pima maji ya fundi mwingine, yeye ambaye hajawahi kuazima hata msumari. Jana alimuuliza mkewe kama mikono yake mwenyewe imeanza kuzeeka.

Nikasema pole. Nilimaanisha.

Mchumba akasema kuna vitu viwili tu: ama nyumba mbovu, ama mashine mbovu. Na kati ya hivyo viwili, kimoja kimetengenezwa kwa ndala. Nikamwambia hajui mambo ya anga. Akasema anajua mambo ya ardhini, na kesho atakuja nayo.

Fokasi naye kapeleka habari kwa Mama Mwenye Nyumba. Kasema yeye hasengenyi mtu, ila amesikia ghorofa inalala, na kama mama anataka picha za uhakika, ngazi ipo. Mbea mkubwa! Sasa mama kasema hapokei funguo mpaka aione hiyo video kwa macho yake, Jumamosi, mbele ya wageni wote.

Kwa hiyo: nisipoonyesha video, hapokei funguo. Nikiionyesha, hapokei nyumba. Fundi anapoteza jina, mimi napoteza mke. Maji yako shingoni, na shingo yenyewe mbovu.

Nimebuni njia. Jumamosi nitawaomba wageni wote wakae wameinamisha vichwa upande mmoja. Nitasema ni heshima kwa jengo.

Ijumaa, 10 Mei

Ile ya vichwa nimeiacha. Nimeijaribu mwenyewe, shingo inauma.

Mchumba kaja na kapu. Ndani ya kapu, pima maji ya baba yake. Akaiweka juu ya meza yangu. Kile kiputo cha hewa kikakimbia mpaka pembeni, kikajibanza huko kama mwizi. Akaiweka sakafuni. Vilevile. Akaiegemeza ukutani. Nikamwomba aache.

Tukaingia kwenye ghorofa Fundi akiwa amekwenda kulala mchana, maana usiku hapati usingizi. Tukaiweka pima maji kwenye kibaraza chake. Kiputo kikaja katikati, kikatulia tuli. Nikaiweka droni papo hapo, sikuigusa, nikabonyeza. Shingo ikatikisa kichwa, ikainua kamera, ikainamisha, ikanyamaza.

Nikarusha. Ghorofa imesimama! Wima kabisa! Nilitaka kulia. Niliruka, ile ndala nzima ikanitoka mguuni. Mchumba akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, nami nikajua ninampenda mno na kwamba sistahili.

Kasema sasa niende nikamwambie baba yake ukweli, leo hii. Nikaenda. Fundi kafungua mlango, uso umekonda. Nikafungua mdomo. Nikasikia mdomo unasema kwamba Jumatano kulikuwa na upepo mkali huko juu, na upepo hupinda picha.

Akauliza kama upepo unaweza kuipinda ghorofa na kuliacha banda. Nikasema upepo wa juu una tabia zake. Nikaaga haraka.

Sikuitazama video yote. Sehemu ya nyumba niliitazama mara nyingi. Ile ya nyuma niitazamie nini?

Jumamosi, 11 Mei

Sebule ya ghorofa ilijaa. Televisheni mpya ukutani, Mama Mwenye Nyumba kiti cha mbele, Fundi kasimama nyuma, kofia mkononi. Fokasi alikuwepo, na ngazi! Eti kaitwa kusaidia kutundika mapazia.

Nikaiwasha video. Nyumba ikatokea, imenyooka kama mstari wa rula. Watu wakapiga makofi. Mama akageuka, akampa Fundi mkono, akasema hajapata kuona kazi kama hii. Fundi akavuta pumzi ndefu. Nilimtazama mchumba, mchumba akanitazama. Nikaona posa. Nikaona kochi jipya.

Kisha droni kwenye video ikageuka taratibu. Mama akauliza lile jengo kule nyuma linaloanguka ni la nani, na ndani kuna mtu? Wasiite msaada?

Banda langu! Limelala kwa kushoto kama mlevi anayetafuta mlango. Fokasi, kutoka juu ya ngazi, akajibu kwa upole mkubwa kwamba ni la mpigapicha.

Fundi akatoka. Tukamfuata wote, mama mbele. Akaingia bandani, akatoa pima maji mfukoni, akaiweka mezani. Kiputo kikakimbia. Akauliza droni niliisawazishia wapi siku ile. Nikamwonyesha meza. Kilichobaki akakielewa mwenyewe: mashine ilijifunza kulala humu ndani, kwa hiyo iliona banda limenyooka na dunia nzima imepinda.

Akasema, nyani haoni kundule. Watu wakaangua kicheko. Mama Mwenye Nyumba alicheka mpaka akakalia ndoo.

Fundi hakucheka. Kasubiri watu wapungue. Kisha kaniambia, kijana wangu, siku mbili nimeitilia shaka mikono yangu. Siku mbili. Ungesema tu. Nikaona aibu ya kweli, ya kushuka mpaka kwenye nyayo. Nikamwomba radhi, na safari hii mdomo haukunisaliti. Aibu hiyo ilidumu mpaka chakula kilipoletwa.

Hukumu ilitolewa baada ya kula. Mjomba anaweza kuleta posa siku banda langu litakaposimama wima, si kabla. Binti yake hataolewa na mtu wa kunywa chai ya upande. Nibomoe, nijenge upya, na pima maji ananiachia. Yeye anasafiri kwa kazi nyingine, kwa hiyo nimtumie video kutoka juu, maana sasa amezipenda.

Mzee mwema kweli. Nimeapa kubadilika.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeanza kubomoa alfajiri. Nimeng'oa msumari mmoja. Jua likawaka, nikakaa kwenye ndoo kufikiri.

Fundi anataka nini? Anataka video ya banda lililosimama wima. Banda ni zito. Shingo ya droni ni nyepesi. Mtu mwenye akili anageuza kilicho chepesi!

Nikaiwasha. Ikatetemeka, ikalia, onyo jekundu. Nilikuwa nimeshaishika chupa ya mafuta nilipokumbuka kifuniko. Nikakitoa. Nikaiweka droni juu ya meza yangu, nikabonyeza, ikajisawazisha. Nikarusha. Banda langu wima kama mshumaa! Hata mimi niliamini. Nikamtumia Fundi, nikaandika: Baba, kazi imekamilika, asante kwa malezi. Nikampigia mjomba, nikamwambia apige pasi suti.

Mchana. Fundi kaitazama.

Alasiri. Mchumba kapiga simu. Kasema baba yake kalipenda sana banda, kasifu kona zake zote. Ana swali moja tu. Kwa nini ghorofa ya Mama Mwenye Nyumba, pale pembeni, imelala tena?

Nikauliza mzee yuko wapi. Kasema yuko njiani anarudi, timazi mkononi, wala hajaaga kazini.

Mjomba keshafika. Amekaa kwenye ndoo, suti imenyooka, chai yake imejaa upande mmoja. Ananiuliza mbona natokwa jasho. Sina wasiwasi wowote. Fundi akifika nitamwambia lile lile: kamera haidanganyi.