Hotuba ya Kuzindua Blanketi Mia Tisa za Watoto wa Kambi ya Kizuka

Mheshimiwa Shefu wa Zoni, waheshimiwa askari mnaotulindia barabara, waheshimiwa wachungaji, mashehe na masista, waheshimiwa ambao hawakufika lakini viti vyao vipo, na nyinyi wananchi mliosimama, amahoro! (Sauti chache: "Amahoro.") Sijasikia. (Mtoto mchanga analia.) Murakoze, asanteni.

Mimi, Konseye Aristide, diwani wa komine yetu ya Rumonge, mhusika wa Mambo ya Jamii, Mipango na Dharura, nimetoka Rumonge mjini mpaka hapa Kizuka, safari ya hatari katika vita hivi, ambayo nimeifanya nikiwa katikati ya askari sita, ili kuzindua rasmi Mradi wa Blanketi Mia Tisa za Viraka kwa Watoto Waliozaliwa Kambini, mradi ambao, kwa mujibu wa raporo niliyoiandika mwenyewe na kuisoma mwenyewe, umefaulu kwa asilimia tisini na nne. (Makofi kutoka meza ya mbele.)

Mtauliza, wazo hili nililipata wapi? Mwezi wa pili, siku ya mvua kubwa, gari langu lilikwama hapa, nikamwona mama huyu, Esperance, aliyekimbia vita vya Kivu akatukuta na sisi tunakimbia vyetu, amemfunga mtoto wake wa siku nne ndani ya gunia la mihogo. Nililia. (Sauti ya mwanamke: "Ulifunga kioo!") Nililia nikiwa nimefunga kioo. Wiki ile ile kifua kikamuua mtoto. Nami, bila kuchelewa, nikaagiza iundwe komite.

Wakati maandalizi ya komite yanaendelea, Mama Mwanahamisi, fundi wa soko la Rumonge ambaye kibanda chake kilichomwa na cherehani yake ikaibwa, alianza, bila kibali chochote, kuokota mabaki ya vitenge, kuyaunganisha viraka vinne kwa vinne kwa sindano ya mkono, kuweka katikati sweta kuukuu, na kumfundisha Esperance, ambaye mikono yake haikuwa tena na wa kumbeba. Wameshona blanketi arobaini na moja, wakawagawia wazazi bure. Kitaalamu tunaiita awamu ya majaribio ya mradi wangu. (Kicheko.)

Naona Mama Mwanahamisi amenyanyua mkono. Kwa kifupi, mama.

("Bwana Konseye, zile cherehani kumi ulizotuahidi ziko wapi?")

Swali zuri sana. Ziko njiani.

("Njia gani?")

Njia ya kiutawala. (Kicheko kirefu. Shefu wa Zoni anatazama viatu vyake.)

Sasa, tukiheshimu ratiba, naomba blanketi zote arobaini na moja ziletwe mezani hapa, zipigwe picha pamoja nami, kisha zipakiwe kwenye gari langu ziende Bujumbura kama vielelezo. Zitarudi. (Hakuna anayesogea.) Akina mama, nimesema mezani, mbona mnawafunga watoto mgongoni? (Esperance anamweka mtoto wa jirani mgongoni, anamfunika kwa blanketi nyekundu, anakaza fundo kifuani.) Wewe, Esperance, hiyo ni mali ya mradi!

("Kuya hapa uifungue wewe mwenyewe, papa.")

(Vigelegele. Migongo arobaini na mmoja inageuzwa kuelekea mezani.)

Askari, saidieni. Askari! (Askari mmoja anamshikisha mwenzake bunduki, anamsaidia mama kupandisha mtoto vizuri.)

Basi. Tupaze sauti pamoja: Blanketi kwa kila mtoto! (Akina mama wanakaza mafundo.) Komine kwanza! (Kikohozi.) Nawashukuru wafadhili wetu wapenzi, ambao tutawaandikia barua ya kwanza siku tutakayopata picha ya kuambatanisha, naishukuru komite, ambayo wajumbe wake nitawateua, nazishukuru zile cherehani kumi, popote zitakapotengenezwa. Dereva, washa gari.