Mita Kumi na Tano Kumzunguka Karani

Ofisi ya Kijiji,
Endalarha,
17 Machi 2009.

Ndugu Mwanasheria wa Halmashauri,
Karatu.

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA MANENO MATATU

Ndugu Mwanasheria,

Kabla hujaendelea na mstari unaofuata, nakusihi ufunge mlango. Kama chumba chako kina dirisha linalotazama barabarani, lifunge pia, maana watu wa kwetu huja Karatu siku za mnada na wana macho makali. Barua hii usimpe mpiga chapa. Usiisome kwa sauti. Ikibidi iwekwe kwenye jalada, naomba iwe jalada la mbegu za mbaazi, ambalo nina hakika halijafunguliwa tangu mbaazi zenyewe zivunwe. Neno moja likivuja hapa kijijini, mimi nimekwisha.

Mimi ni karani wa ofisi ya kijiji, umri miaka ishirini na minne, nimemaliza kidato cha sita, na sijawahi kuitwa mbele ya baraza lolote. Ninaandika kwa hofu na kwa glavu, hivyo niwie radhi kwa mwandiko.

Chanzo ni hiki. Mwaka jana mti ulianguka barabarani karibu na zahanati yetu, ukazuia gari la watalii. Kina mama waliukata kwa mapanga, saa tatu nzima, na wageni wakitazama kwa huruma. Mwezi wa kwanza wageni hao wakatuletea zawadi: msumeno wa mnyororo unaotumia betri, pamoja na chaja, kofia ngumu, miwani, viziba masikio, glavu, na kitabu cha maelekezo chenye kurasa arobaini na nane za Kiingereza. Wakauliza nani anaweza kukisoma. Watu wote wakanigeukia. Niliogopa kusema siwezi, na ndivyo nilivyokuwa Mwendeshaji.

Nilitafsiri kanuni zote za usalama na kuzisoma kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti wetu, Mzee Emilian, alifurahi mno. Akasema mambo mazuri namna hii yasibaki ushauri, yawe sheria ndogo, na anayevunja alipe mbuzi. Nilipofika mahali kitabu kinaposema kwamba watu wengine wakae umbali wa mita kumi na tano msumeno ukiwa unawaka, Mzee alisimama.

"Karani," akasema, "ule wa petroli unanguruma, hata aliye chooni anajua umeamka. Huu wa betri umekaa kimya hapo mezani. Sisi tutajuaje kama unawaka au umelala?"

Ningeweza kujibu. Jibu lilikuwa ukurasa wa kumi na mbili. Lakini mbele yangu kulikuwa na watu mia tatu, nami nikainamia kitabu.

"Basi," akasema Mzee, "hayo maneno 'msumeno ukiwa unawaka' yafutwe. Iwe siku zote."

Makofi yakapigwa. Nikayafuta kwa mkono wangu mwenyewe, kwa rula. Na kwa kuwa kitabu kinakataza kuuacha msumeno mahali ambapo mtoto anaweza kuufikia, na stoo yetu haina mlango, mkutano uliazimia niubebe popote niendapo. Kwa hiyo, Ndugu Mwanasheria, mita kumi na tano haziko kwenye mti wala stoo. Ziko kwangu. Ninatembea nazo. Ninalala nazo. Mgambo Piusi ana kamba yenye urefu huo huo kamili, na yeye hana kazi nyingine.

Sheria hii haijaletwa mezani kwako ikaidhinishwa. Inatumika tu. Ndiyo maana nathubutu kukuletea malalamiko yafuatayo.

1. Kuhusu chakula. Ninakula kwa Mama Lukresia, mwenye mgahawa karibu na kisima. Siku hizi anaweka sahani yangu juu ya jiwe, anarudi nyuma akihesabu hatua, kisha anapaza sauti: "We karani, makande yako hayo! Na usinikaribie, mimi mbuzi wangu ana mimba!" Kuku wa kijiji wamejifunza ratiba yangu. Kwa kuwa sheria inataja watu tu, wao wanafika kwenye jiwe kabla yangu bila hofu ya faini.

2. Kuhusu mavazi. Mkutano ulitumia hoja ile ile: kama hatujui msumeno umeamka saa ngapi, basi kofia, miwani, viziba masikio na glavu vivaliwe siku zote. Nimevivaa tangu Februari. Sisikii mtu akinisalimia, na wazee wameeneza habari kwamba nimeota pembe kwa sababu nimesoma. Sasa nimeamua kumwamkia kila ninayemwona, mkubwa kwa mdogo. Jumatatu nilimwambia "Shikamoo" mtoto wa darasa la pili. Akaitika.

Kanisani nimewekewa benchi nje, chini ya dirisha. Siku ya Meza ya Bwana mchungaji alinitazama, akaitazama kamba ya Piusi, akanibariki kutoka altareni kwa mkono ulionyooka.

3. Kuhusu kazi yenyewe. Msumeno haujakata hata fito. Tarehe nane Februari mti mwingine ulianguka pale pale barabarani, na nilikwenda nikiwa tayari kwa kazi. Kwanza nilitoa betri, kwa kuwa hairuhusiwi kugusa mnyororo betri ikiwa ndani. Nikakagua kama mnyororo umelegea. Nikajaza mafuta ya mnyororo. Nikajaribu breki. Nikapanga miguu. Nikawaeleza kina mama kwamba sitakata kwa ncha, kwa sababu msumeno ukigusa mti kwa ncha unaweza kuruka ukanirudia usoni, na kwamba sitauinua kupita mabega. Walisikiliza vizuri sana, kutoka mbali.

Kisha nikawaomba wanisafishie njia mbili za kukimbilia kwa nyuma, kama kitabu kinavyotaka. Walizisafisha kwa mapanga. Nikakaa chini nisome tena ukurasa wa thelathini na moja. Nilipoinua kichwa kurudisha betri, mti haukuwepo. Walikuwa wameshaukata kwa mapanga yale yale, na mgongo wa mwisho wenye mzigo wa kuni ulikuwa unapotelea kwenye kona. Walinibakishia njia mbili safi za kukimbilia, na hakukuwa na kitu cha kukimbia.

Betri yenyewe huchajiwa Karatu kwenye saluni ya kunyoa, kwa kuwa sisi hatuna umeme. Ikirudi na basi, mvua inakuwa imeanza, na mvua hairuhusiwi.

4. Kuhusu kufanywa uzio. Wananchi wamegundua kwamba mtu asiyeruhusiwa kukaribiwa ana faida. Moloimet, mfugaji wa bondeni, alinialika kwake kwa heshima kubwa, akanionyesha kigoda katikati ya nyasi alizowatunzia ndama wake. "Karani, kaa hapo," akasema kutoka mbali. "Mpaka lini?" nikauliza. "Mpaka mvua." Wachungaji wa wenzake walifika, wakanitazama, wakageuza ng'ombe.

Mama Lukresia naye aliniomba nipite karibu na kilabu cha pombe saa kumi jioni, polepole. Nilipita. Wanywaji ishirini na wawili walitoka kupitia mlango wa nyuma, mume wake akiwa wa kwanza. Siku iliyofuata nilipata nyama kwenye jiwe. Nakiri niliila.

Wiki iliyopita nilipangiwa zamu ya shamba la mahindi la kijiji, upande wa msitu wa Ngorongoro. Nyani walikaa mbali. Tembo, ambao hawakuhudhuria mkutano, hawakukaa mbali. Nilizitumia njia zote mbili za kukimbilia, moja baada ya nyingine, na msumeno mkononi.

5. Kuhusu posa. Hapa ndipo panaponiumiza, na kama barua hii ni ndefu mno kwako, naomba usome namba hii peke yake.

Nampenda Antonia, binti wa Mwenyekiti huyo huyo. Tulielewana kabla msumeno haujaja. Tarehe ishirini na moja Februari nilikwenda kwao kuposa pamoja na mshenga wangu. Kwa sheria ilivyo, mshenga hakuruhusiwa kuwa nami. Yeye aliingia sebuleni akapewa chai. Mimi nilisimama kwenye shamba la maharage, kofia kichwani, msumeno mkononi, nikijitahidi kuonekana mkwe. Walichozungumza ndani sikukisikia. Mshenga alikuwa akitoka barazani kila mara kunionyesha ishara kwa mikono, na mpaka leo sijui kama ile ya mwisho ilimaanisha ng'ombe wanne au niondoke.

Baya zaidi, sheria ndogo inasema Mwendeshaji asianze shughuli yoyote kabla njia zake mbili za kukimbilia hazijaonyeshwa wazi. Mgambo Piusi, kwa bidii yake, alikuwa amezichomekea vibendera vyekundu tangu asubuhi: moja kupita zizi la ng'ombe, nyingine kupita jikoni. Shangazi zake Antonia walitoka, wakaviona.

"Huyu anaoa au anatoroka?" akauliza mmoja, kwa sauti iliyopenya viziba masikio.

"Na ameshika msumeno," akasema wa pili. "Mwenzangu, hii ni posa au ni vita?"

Mzee Emilian alitoka barazani na kunihukumu kwa upole. Akasema hana ugomvi nami, ila binti yake atampa mwanamume anayeweza kuingia ndani akakaa kwenye kiti kama watu. Kuvunja sheria hawezi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeitunga. Amenipa mpaka Pasaka. Pasaka ni tarehe kumi na mbili Aprili. Tangu siku hiyo dereva mmoja wa watalii aitwaye Alex, mwenye miwani ya jua na gari lenye paa linalofunguka, ameshakunywa chai kwenye kiti kile mara tatu.

6. Kuhusu mimi kama mtu. Hili nimeligundua juzi na sijalala vizuri. Sheria inasema mtu yeyote akae mita kumi na tano kutoka kwa Mwendeshaji. Mimi ni Mwendeshaji. Lakini mimi ni mtu pia, nina kadi ya kupigia kura. Kwa hiyo kila siku, tangu naamka, niko karibu nami kinyume cha sheria. Nimehesabu siku hizo kwa mbuzi, zimefika arobaini na tatu, nami sina hata mmoja. Mgambo Piusi hajaligundua bado. Ila jana alinitazama kwa muda mrefu, akaitazama kamba, akatabasamu kama mtu aliyekumbuka kitu.

Kwa hayo yote, ninaomba kwa unyenyekevu uirudishe sheria ile kijijini ikiwa na maneno yale matatu, "msumeno ukiwa unawaka", yameandikwa upya kwa wino na kupigwa mhuri. Kama hilo ni gumu, naomba itamkwe kisheria kwamba mimi si mtu, ili angalau namba sita iishe. Kama na hilo ni gumu, naomba uje mwenyewe kabla ya Pasaka, uingie nyumbani kwa Mzee Emilian, ukae kwenye kile kiti, na usinyanyuke mpaka Alex akate tamaa.

Nasimama hapa, mbali kidogo na kila mtu, nikingoja msaada wako. Wasalimie wote walio ofisini kwako, walinzi na wahudumu wa chai, na nyumbani pia, bila kuwaambia salamu zimetoka kwa nani.

Wako kwa hofu na heshima,
Elisaria,
Karani na Mwendeshaji.

Nyongeza: Ndugu Mwanasheria, tafadhali usifanye lolote kati ya hayo niliyoomba.

Nilikuwa nalamba bahasha kwenye benchi langu nje ya ofisi nilipomwona Antonia akija moja kwa moja upande wangu. Nikajivuta mpaka mwisho wa benchi. Akaendelea kuja. Piusi akapuliza filimbi, watu wakajaa, baba yake akatoka ofisini. Antonia akachomoa sheria ndogo zetu, ambazo ndiye aliyezinakili kwa mkono ili zibandikwe ubaoni, akasoma mbele ya watu wote kifungu cha kumi na saba. Hicho nilikitafsiri mkutano ukiwa umeshaanza, na nakiri nilikuwa nimekisahau kabisa: Mwendeshaji asiwe peke yake kamwe, siku zote awe na msaidizi mmoja kando yake, mtu mzima mwenye akili timamu aliyesoma maelekezo yote.

"Nani mwingine amesoma yote hapa?" akauliza. "Baba, wewe umeyasoma? Piusi? Yule wa miwani ameyasoma?"

Alex, aliyekuwa ameegemea gari lake, alisogea hatua mbili ili asikie vizuri, na Piusi akamnyooshea kamba.

"Wewe baba ndiye uliyesema iwe siku zote," akasema Antonia, akaketi kwenye benchi langu, akanivua kiziba cha sikio la kushoto ili nami nisikie sawasawa.

Mzee Emilian aliomba karatasi, akakisoma kifungu mara mbili, akaitazama saini yake kwa chini. Kisha akasema kwa sauti ya mwenyekiti kwamba sheria ni sheria, na kwamba binti yake hatakaa kando ya mwanamume siku zote bila ndoa, kwa hiyo mshenga aje kesho, tena aje na ng'ombe.

Hivyo nakuomba usiguse hata mkato mmoja. Sheria ni nzuri, imetungwa na watu wenye busara, na inalinda jamii. Ikiwezekana, mita zile ziongezwe ziwe thelathini, kwa kuwa Alex ana sauti kubwa.

Ukitaka kunijibu, mkabidhi kondakta wa basi linalotoka Karatu saa nane, na juu ya bahasha uandike jina la Antonia, kwa sababu mimi siwezi kupokea kitu mkononi kwa mtu mwingine. Ukituma mjumbe, ashukie kisimani na aulize kwa Mama Lukresia. Asimame penye kibendera chekundu, apunge kitambaa. Akikuta tumekaa tunaongea, asipige kelele. Asubiri hapo hapo penye kibendera. Tukimaliza, Antonia atakuja kumpokea.