Afande wa Ugavi na Magunia Arobaini

Miraji alikuwa amesimama bandarini Malindi, pembeni mwa Mji Mkongwe, hana kazi wala haraka, alipoona jambo lililomfaa. Malori ya jeshi yalikuwa yakipakia mizigo tangu asubuhi, na katika watu wote waliopita getini, mwenye faili mkononi ndiye pekee ambaye hakuulizwa kitu.

Akaenda kununua faili.

Siku tatu alisoma kwenye simu namna majeshi yanavyojilisha. Alijifunza kwamba jeshi huwa na kamandi nzima ya ugavi, isiyopiga hata risasi moja, na bila yake wapiga risasi wangelala njaa. Alipofika mahali palipoeleza vitengo vya kamandi hiyo, kimoja kimoja, alichoka, akaruka. Tumsamehe, kurasa zilikuwa nyingi na jua kali.

Siku ya nne alikodi lori la jirani yake Suhaib, akaacha vespa yake rehani mpaka atakapolipa. Vespa hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake yote duniani, ukiondoa ulimi. Akavaa suruali ya kijani, akaenda Mwanakwerekwe kwenye duka la jumla la Bi Amne, mama aliyesifika kwa kupenda faida.

"Shikamoo, Bi Amne. Natoka Kamandi ya Ugavi."

"Marahaba, afande. Karibu ukae."

"Tunataka mchele, magunia mia nne kila mwezi. Arobaini ya majaribio tuyachukue leo. Malipo mwisho wa mwezi, kwa bei utakayotaja mwenyewe."

Macho ya Bi Amne yakang'aa. "Ntakayotaja mwenyewe! Nani aliyeomba mzigo?"

"Mimi."

"Aliyeidhinisha?"

"Mimi pia."

"Wa kusafirisha?"

"Lori langu lile pale."

"Na wa kupokea ghalani?"

"Bi Amne, yote mimi!" Miraji akacheka. "Utastarehe, huna wa kumfuata."

"Nshaelewa," alisema Bi Amne, akimmiminia kahawa. "Nakupa. Ila mzigo wa jeshi hautembei bila msindikizaji, na lazima ukaguliwe kabla ya kupokewa. Mkaguzi wangu yuko Matemwe. Lakini hayo wayajua kuliko mimi."

Miraji hakuyajua. "Naam," akajibu, "hayo ndiyo ya kwanza."

Msindikizaji alikuwa Talib, mchukuzi mwenye mabega mapana kama mlango wa Mji Mkongwe. Alipanda juu ya magunia na chakula chake, akatulia. Njiani Miraji alisimamisha lori, akamtuma maji. Talib alikuwa nayo. Akamtuma sigara.

"Za nani? Mie sivuti, na wewe unayo mdomoni."

Akamwambia ashuke akasali adhuhuri.

"Mie msafiri, afande. Ntaichanganya na alasiri. Twende."

Huko Matemwe walipokewa kwenye mlango wa jikoni wa hoteli moja. Bi Badria, mkuu wa jiko, alihesabu magunia, akatia saini, na vijana wake wakaanza kuteremsha.

"Nyie! Mchele wa jeshi huo!" alifoka Miraji.

"Wa jeshi gani, kaka? Tumeuagiza tangu Jumatatu. Gari la Bi Amne limekufa injini, tukajua leo wageni watakula ndizi." Akampa simu. "Mwenyewe huyu, anakutaka."

"Afande," ilisema sauti ya Bi Amne, "nimekuwa karani wa ghala la jeshi miaka ishirini na sita. Anayeomba hanunui, anayenunua hapokei, anayepokea hasafirishi. Wametenganishwa makusudi, mtu mmoja asije akaila kambi nzima. Wewe umenijia watu wanne ndani ya suruali moja. Nikakuchagulia kazi moja."

"Ipi?"

"Usafirishaji. Umeifanya vizuri sana."

Wakati wa kurudi Talib alikaa mbele, akamgawia Miraji nusu ya chapati, na Miraji akamsimulia habari za vespa kwa sauti ya mfiwa.

Wiki iliyofuata alikuwa akipita Mwanakwerekwe kwa miguu, upande wa pili wa barabara, akijificha.

"Afande!" Bi Amne alimwita kwa sauti ya kusikika soko zima. "Jumatano kuna mzigo wa Paje, na huu una malipo. Njoo uikomboe vespa yako."

Miraji akavuka barabara.

"Na hilo faili," aliongeza Bi Amne, akinyoosha mkono, "nipe mimi. Msafirishaji halihitaji."