Saa Saba ya Mashine

Jumatatu, 6 Mei
Shajara, hujambo? Mimi sijambo kiasi, ila mgongo. Mama mkwe hajambo, ila magoti yake yana jambo. Kitinda mimba hajambo, kajifungia chumbani anasema anasoma. Kaka yake hajambo huko aliko, ingawa hapigi simu. Paka hajambo kutushinda sote. Baba Watoto yuko kaburini tangu mwaka jana, nami nakusalimia kwa niaba yake, maana alikuwa mtu wa salamu.

Sasa habari. Mashine ya hospitali ninakofagia imeharibika ubongo. Majina ya wagonjwa yamechanganyikana. Ile sauti ya kike inayoita watu ukumbini imemwita dereva wa lori akapimwe mimba. Akaenda.

Fundi kaja, tunamwita Nyaya. Kasema nakala za akiba za karibuni zote zimeoza, nzima ni moja tu ya mwaka jana. Ataiweka hiyo, kisha airudishie kila kilichoandikwa baada yake, mstari kwa mstari, mpaka leo. Njiani atasimama akague. Nikamwuliza, ukisimama, mashine yenyewe inaonaje? Kasema inadhani leo ni siku ile uliyosimamia.

Ufagio ukanidondoka.

Jumanne, 7 Mei
Sikupata usingizi. Baba Watoto alikuwa aitwe na ile sauti asubuhi, chumba cha sita. Akafariki usiku wa kuamkia siku hiyo, saa nane. Hakuitwa. Shati nilikwisha kulipiga pasi.

Sisemi atafufuka, sina wazimu. Nataka aitwe tu. Mara moja, jina lote, kama watu.

Basi nikampikia Nyaya chai yenye sukari ya kuua. Nikamsifu mpaka vidole. Karani wa mapokezi, huyu Miwani, akaniuliza nafagia au naposa. Nikamwambia kwa vumbi la meza yake, hata kuposa ningechelewa.

Chai ikafanya kazi. Nyaya akanitania: haya mama, leo tusimame wapi? Nikamtajia tarehe. Saa? Saa saba, nikasema. Saa nzima kabla roho haijatoka! Akabonyeza 7. Nimerudi nyumbani najiona jasusi.

Jumatano, 8 Mei
Ndani ya koti la kazi nilivaa gauni langu la harusi za watu. Nikakaa kwenye benchi la chumba cha sita, nikasogea kumwachia nafasi. Benchi lilijaa, wengine wamesimama, pale hapakaliwi. Bwana mmoja aliinama akae, akaghairi. Alisema pana joto, kama mtu kanyanyuka sasa hivi.

Nyaya akaifungua mashine aijaribu. Sauti ikaanza. Ikamwita fundi cherehani wa mtaani kwetu. Huyo tulimzika baada ya mvua. Ikamwita mwalimu wa hesabu. Naye tulimzika. Kila jina likiitwa, mlango wa chumba unafunguka kidogo, unajifunga taratibu. Miwani akasema ni upepo. Madirisha yalikuwa yamefungwa, nayafunga mimi.

Mjane wa mwalimu alikuwepo, kaja kutibiwa macho. Akaitika: yupo, anakuja.

Nikangoja wa kwangu. Ikaita, ikaita, ikamaliza foleni. Jina lake halikuitwa.

Nikamwendea Nyaya mbio. Akanionyesha foleni ya siku ile. Walio hai wameandikwa kwa kijani: fundi cherehani kijani, mwalimu kijani. Baba Watoto peke yake kijivu, mstari wa mwisho. Nyaya akasema, mama, si ulitaja saba? Saba ya mashine ni saa moja asubuhi. Saa saba ya usiku, mashine inaiita moja.

Yaani nimewarudisha wafu wa mtaa mzima, nikamwacha wangu.

Alhamisi, 9 Mei
Nyaya amefika mwisho. Mashine imepona, kila mtu yuko mahali pake, na waliokufa wamekufa tena. Miwani anatembea kama aliyeitengeneza yeye.

Mjane wa mwalimu karudi. Macho hayakumleta. Alikaa nje ya mlango ule ule akaniuliza kwa upole, mwenzangu, leo wataanza kuita saa ngapi? Amemletea mumewe kofia yake. Nikamshika mkono. Nikamsindikiza hadi barabarani. Kila hatua anageuka.

Moyo uliniuma, kweli. Na funzo nimelipata: siku nyingine nihesabu kwa saa za mashine.

Nyaya kasema ile nakala ya mwaka jana hataifuta, anaiweka kabatini. Mashine nayo imekaa chini sakafuni. Na kesho zamu ya kupiga deki chumba cha mashine ni yangu, na ndoo yangu hujaa mpaka ikamwagika.

Baba Watoto, safari hii nitasema moja. Ukisikia jina lako usijivute kama kawaida yako. Itika upesi, nitakuwa kwenye benchi nangoja jibu.